Mashine ya kudarizi kichwa kimoja: niendelee, nihamie DTF, au nipeleke kazi Kariakoo?

Sare_Moro
Habari za leo wakuu. Nina mashine ya kudarizi ya kompyuta, kichwa kimoja (inashona nguo moja kwa wakati), hapa Morogoro. Kazi ni nembo za sare za shule na polo za ofisi. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla ya mwisho wa mwezi. Nawaza mambo matatu: nilipe niendelee, niuze mashine ninunue printa ya DTF (inachapa nembo kwenye plastiki, kisha inabandikwa kwenye nguo kwa joto), au nibaki nachukua oda tu na kuzipeleka kwa wenye mashine za vichwa vingi Kariakoo. Ipi inalipa?

Fundi Uzi
Mkuu, kwa maelezo hayo hatuwezi kukusaidia. Kodi shilingi ngapi? Nembo yako ina mishono mingapi? Kwa mwezi wa kawaida, tuseme Aprili, unatoa nembo ngapi? Nani anakaa kwenye mashine na unamlipaje? Faili za kompyuta zinazoielekeza mashine namna ya kushona nembo, unatengeneza mwenyewe au unanunua?

Mama Kanzu
Na sindano ngapi, na kofia unashona? Mwenye kofia ana wateja ambao DTF haiwapati kirahisi.

Sare_Moro
Samahani wakuu, niliandika kwa haraka. Sindano 15. Kodi 180,000 kwa mwezi. Nembo ya kawaida mishono 8,000, nachaji 3,000. Novemba hadi Januari tunashona mpaka usiku, miezi mingine nembo kama 150. Kijana namlipa 200,000. Faili nanunua. Kofia nimeacha, uzi unakatika kila dakika.

Fundi Uzi
Sasa tunaongea. Mishono 8,000 kwa kasi ya 700 kwa dakika ni dakika 11 na nusu. Ongeza kubadili rangi, kukata uzi na kufunga nguo kwenye ringi (duara linaloshika nguo wakati wa kushona), weka 15. Siku ya saa nane, ukitoa muda wa kuvisha uzi na kubadili bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), unatoa nembo 25 bila kujiumiza. Kwa hiyo nembo 150 ni kazi ya siku sita.

Vifaa si tatizo lako. Kila mishono 1,000 inakula uzi wa juu mita 5 hadi 6, kwa hiyo koni ya mita 5,000 inatoa nembo 110 hivi. Ukijumlisha uzi wa chini na kitambaa cha kuimarishia nyuma, hufiki 300 kwa nembo. Umeme wa mashine ya kichwa kimoja ni kama uniti 4 kwa siku nzima.

Mapato 450,000. Toa vifaa 45,000, kodi 180,000, kijana 200,000. Unabaki na 25,000. Mashine haina kosa hapo: unalipa mshahara wa mwezi kwa kazi ya siku sita. Mlipe kijana 500 kwa nembo miezi ya kawaida, utabaki na 150,000.

Kariakoo Darizi
Kijana wa kulipwa kwa nembo atakuacha Desemba, wakati unamhitaji kuliko siku zote. Anayejua kusikiliza mashine na kujua uzi unataka kukatika hapatikani kirahisi. Bora umpe kiasi kidogo cha kudumu, kisha nyongeza kwa nembo.

Leta kazi kwa mashine ya vichwa sita. Oda ya nembo 50 na kuendelea unaweza kupata kwa 1,500. Unatuma nguo kwa basi kutoka Msamvu asubuhi, au unapanda treni ya SGR mwenyewe ukasimamie kazi.

Mama Kanzu
Kazi ya nguo tatu za mwalimu mkuu nani atampokelea Kariakoo? Mashine ya vichwa vingi inataka wingi, nguo tatu zitakaa kwenye mfuko wiki mbili. Na nembo ikikaa sentimita mbili chini ya mahali pake kwenye mashati 80, mwenye shule atakuuliza wewe, hatamuuliza aliyeshona.

Rangi na Joto
DTF haihesabu mishono. Nembo yenye rangi kumi na mbili au picha ya mtu inatoka kwa bei ileile. Herufi chini ya milimita 4 au 5, ambazo kwenye darizi hufumbana, zinasomeka. Uza hiyo mashine.

Fundi Uzi
Rangi, mwambie na upande wa pili. Wino mweupe wa DTF unatuama. Printa inataka izungushiwe wino na kuchapa kidogo kila siku, la sivyo kichwa cha kuchapia kinaziba, na kichwa ndicho kifaa cha bei. Mtu mwenye kazi ya siku sita kwa mwezi ndiye hasa asiyepaswa kuimiliki. Mashine ya darizi ukiifunika mwezi mzima, unaiwekea mafuta, unashona kitambaa cha majaribio, inaendelea.

Na sare ya shule inafuliwa kwa kusuguliwa na kupigwa pasi ya moto moja kwa moja juu ya nembo. Darizi inavumilia. Akitaka DTF, anunue plastiki zilizochapwa tayari kwa mita, abaki na mashine ya kubandika tu, sentimita 38 kwa 38. Hizo mbili zinakaa fremu moja.

Rangi na Joto
Kwenye wino mweupe nakubali. Kuhusu pasi, ukibandika kwa nyuzi joto zinazotakiwa, ukarudia kubana mara ya pili baada ya kuvua plastiki, inadumu. Wengi wanaruka hatua hiyo.

Dada wa Ringi
Kabla ya kugusa kodi, angalia faili unazonunua, pesa inavujia hapo. Kuna kazi ya polo 60 iliyokuja na faili ya duara la sentimita 9, mishono 22,000. Aliyeitengeneza aliachia programu ifanye yote: mishono imebanana milimita 0.35, hakuna mishono ya msingi chini, na mashine inaanza pembeni kuelekea katikati. Fundi naye akavuta polo kwenye ringi ikakaza kama ngoma, akaweka nyuma kitambaa cha kuchanika safu moja, na sindano yenye ncha kali. Nguo ikiwa kwenye ringi nembo inapendeza. Ukifungua tu, polo inarudi kwenye upana wake na nembo inabaki imesimama kama sahani, makunyanzi pande zote. Sindano kali nayo ilikata nyuzi za polo, vitundu vikaanza kufunguka ukingoni. Polo 11 zilitupwa kabla kazi haijasimamishwa.

Faili ikatengenezwa upya: mishono ya msingi kwanza, nafasi milimita 0.42, kuanzia katikati kwenda nje. Ikashuka hadi mishono 14,500. Sindano saizi 75/11 ya ncha butu, kitambaa cha kukatwa kwa mkasi, nguo imelala kwenye ringi bila kuvutwa. Kwa kasi ya 650, ya kwanza ilikula dakika 34 na ya pili 22. Kwa polo 60, hizo ni saa 12 zilizookolewa.

Na mdai aliyetengeneza akupe faili yake ya asili. DST, yaani faili ya kushonea inayosomwa na mashine, pekee haibebi hata rangi za uzi, na ukiipunguza au kuikuza zaidi ya asilimia 10 mpangilio wa mishono unaharibika.

Mama Kanzu
Uzi gani lakini? Rayoni inang'aa na inalala vizuri kuliko poliesta.

Dada wa Ringi
Kwa kanzu sawa, mama. Shati jeupe la shule linaingia kwenye jiki. Rayoni inapauka, poliesta inabaki.

Mama Kanzu
Kwa sare nakubali. Kanzu hunitoi kwenye rayoni.

Sare_Moro
Asanteni sana. Nimefungua faili tatu za shule ninazoshona sana, mbili zinaanza pembeni. Ila hizo kofia je? Zikirudi, nadhani kodi inatoka.

Fundi Uzi
Uzi unakatika sindano moja au zote? Kama ni moja, badilisha sindano hiyo na fuata njia yake ya uzi. Kama ni zote, nenda kwenye kasha la bobini na kulabu inayozunguka. Geuza kazi uangalie nyuma.

Sare_Moro
Zote. Nyuma karibu huoni uzi mweupe wa bobini, ni rangi ya juu tu.

Fundi Uzi
Nyuma ya mshono mpana, uzi mweupe unatakiwa uchukue theluthi ya katikati. Usipouona, wa juu umelegea au wa chini umekazwa mno. Shika uzi wa bobini, ning'iniza kasha, tikisa kidogo: lishuke sentimita chache lisimame. Lisiposhuka kabisa, legeza skrubu robo mzunguko, na fagia pamba chini ya kile kibati cha kasha kinachobana uzi. Tone moja la mafuta kwenye kulabu kila saa nne za kazi. Kofia shona kwa 550 hadi 600, ukianzia chini katikati kwenda juu na pembeni.

Kariakoo Darizi
Na kile kibati cha kuzuia kofia kisiguse kichwa cha sindano. Hapo ndipo sindano nyingi zinavunjika.

Sare_Moro
Kasha halishuki kabisa. Nafungua sasa hivi, kuna pamba nyingi sana chini ya kibati chake.