Binti anataka AP tano mwaka ujao: naomba ushauri

Kutoka: Mama wa watatu, Columbus

Habari zenu ndugu. Binti yangu yuko darasa la 10, na shule imeleta fomu ya kuchagua masomo ya mwaka ujao. Inatakiwa irudi Ijumaa. Amejaza AP tano, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari: Biolojia, Kemia, Calculus, Historia ya Marekani na Kiingereza. Anasema bila hizo tano hapati chuo cha maana, na ndoto yake ni udaktari. Baba yake amefurahi, anasema hata sisi tulisoma PCB usiku na mchana. Mimi naingia zamu ya usiku, na huyu ndiye anayebaki na wadogo zake wawili. Naogopa kumzuia, naogopa kumwacha. Mliokwisha kusomesha hapa Marekani, nisaidieni.

Kutoka: Dada yenu, Reynoldsburg

Pole na hongera, mama. Wanangu wamepita njia hiyo hiyo, na Jumamosi huwa nasaidia familia zetu kujaza fomu za vyuo, kwa hiyo nasema ninayoyaona.

Shemeji ana nia njema, ila kwetu mtihani wa kidato cha sita ndio ulioamua. Ukikesha miezi ya mwisho ukafaulu, hakuna aliyekuuliza ulipata nini muhula wa pili wa kidato cha tatu. Hapa chuo kinasoma alama za kila mwaka tangu darasa la 9, na darasa la 11 ndio mwaka mzima wa mwisho wanaouona, maana maombi ya mapema mengi yanafungwa Novemba 1 ya darasa la 12. C mbili za mwaka huo hazifutiki kwa mtihani wowote.

Wala vyuo havihesabu tu idadi ya AP. Pamoja na alama za mtoto, kaunsela hutuma karatasi inayoielezea shule yenyewe, ikiwemo AP inazofundisha. Wanaangalia kama mtoto alijipa kazi ngumu kwa kadiri ya kilichopo shuleni kwake, na kama aliimudu. Mwulize kaunsela shule yenu ina AP ngapi kabla hamjaogopeshwa na majirani.

Sasa keti na binti, mwandike saa zake. Basi linampitia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jioni saa kumi yuko nyumbani. Anapokea wadogo, anapasha chakula, anasimamia homuweki zao, anawaogesha, wanalala saa tatu. Kadiria saa moja tu kwa kila AP kila usiku, na kabla ya mitihani huwa zaidi. Tano zinamfikisha saa nane usiku, na somo la sita bado halijafunguliwa. Mwache ajumlishe mwenyewe kwa kalamu. Mtoto wa miaka 16 hakubali akiambiwa na mama, ila akiiona hesabu kwa mkono wake anatulia.

Jambo jingine ni utaratibu wa masomo. AP Biolojia inataka awe amesoma biolojia na kemia za kawaida kwanza. AP Kemia vilevile inataka kemia ya kawaida. Calculus inataka awe amemaliza Precalculus. Kama mwaka huu ndio anasoma kemia kwa mara ya kwanza, Biolojia na Kiingereza zinamtosha darasa la 11, Calculus na Kemia zingoje la 12. Na huo udaktari, hapa unasomewa baada ya digrii ya kwanza ya miaka minne, na shule nyingi za udaktari hutaka kemia iliyosomwa chuoni hata kama ana 5, alama ya juu kabisa, kwenye mtihani wa AP. Hana anachowahi kwa kujitesa sasa.

Kwa upande wa pesa, usidharau. Mitihani ni Mei, kila mmoja ni karibu dola 100, na alama ni 1 hadi 5. Vyuo vya umma vya jimbo letu la Ohio vinatoa krediti kuanzia 3, yaani somo linahesabiwa kama limeshasomwa chuoni. Wenye kipato kidogo hupunguziwa ada, lakini lazima umwambie kaunsela mapema, kwa sababu mitihani huagizwa msimu wa vuli. Kuna pia College Credit Plus: mwanafunzi wa shule ya umma anasoma masomo ya chuo, kwa mfano Columbus State, bila kulipa ada wala vitabu. Ila jihadhari: alama ya huko inabaki kwenye rekodi yake ya chuo maisha yake yote. Mtihani wa AP ukienda vibaya, si lazima autume.

Kutoka: Kijana wenu, Cincinnati

Shikamooni. Naongeza kidogo tu. Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, inafunguliwa Agosti 1 na ina nafasi kumi za shughuli, na mojawapo ya aina zake ni majukumu ya kifamilia. Kulea wadogo mama akiwa zamu, kumtafsiria bibi hospitalini, yote yaandikwe, pamoja na saa kwa wiki. Watoto wetu wengi wanaacha hapo pakiwa patupu wakidhani ni kazi za nyumbani tu. Mimi nusura niache, mwalimu wangu wa Kiingereza akanizuia.

Pia, AP ya Kiswahili haipo, lakini Ohio ina muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye diploma, Seal of Biliteracy. Mama, mwulize kaunsela binti apimwe Kiswahili wapi. Asije akasahau kuandika kwa kukosa mazoezi.

Kutoka: Mama wa watatu, Columbus

Ahsanteni sana wanangu na dada zangu. Tulikaa mezani jana na karatasi. Alipofika saa nane usiku aliweka kalamu chini akaniuliza, "Kwa hiyo nilale lini?" Fomu imerudi leo na AP Biolojia na AP Kiingereza, historia ya kawaida na Precalculus. Kaunsela amesema nimkumbushe kuhusu ada shule ikifunguliwa, na atatafuta habari za kipimo cha Kiswahili. Baba yake bado anaidai Calculus. Dada wa Reynoldsburg, nimempa namba yako, atakupigia Jumamosi.