Kundi la majirani wa Njia ya Pwani, Mombasa: bango la ghorofa 12

JUMAMOSI

Baba Faraj: Asalaam aleikum majirani. Natoka baharini saa hii, nakuta bango limepigwa misumari kwenye mwarobaini, pale kona ya njia yetu. [picha] Kizungu kitupu. Nani atanisomea?

Mwende: Waleikum salaam Baba Faraj. Picha ina kivuli. Naona tu siku 14 na muhuri wa msanifu.

Kadzo: [picha] Hii hapa ya karibu. Nimepanda jiwe la Mama Riziki, asinigombe.

Mama Riziki: Jiwe si kitu, mradi hukunimwagia mafuta yangu.

Saidi wa Ramani: Nimelisoma. Mwenye kile kiwanja cha ukuta mweupe yuwaomba vitu viwili kwa kaunti. Kwanza abadilishe matumizi, kutoka nyumba ya familia moja kuwa fleti. Pili apewe kibali cha ghorofa 12. Mwenye pingamizi amwandikie waziri wa kaunti wa ardhi na mipango ndani ya siku 14. Bango lina tarehe ya Jumatatu iliyopita, kwa hivyo siku 5 zishaenda.

Kadzo: Jumatatu? Mimi napita hapo kila asubuhi nikienda stejini, na jana halikuwepo!

Saidi wa Ramani: Basi hilo nalo liandike. Picha yako ina tarehe, usiifute.

Baba Faraj: Mimi ghorofa sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni njia. Ule ukuta mpya umeingia ndani. Zamani twapita watu wawili na mashine ya boti begani, mwingine akija na mkokoteni tunapishana. Sasa mkokoteni ukiingia, wewe wapanda ukutani kama mjusi.

Mama Riziki: Na ikizibwa kabisa? Samaki nitawafuata wapi, nizunguke hadi hotelini nimwombe bawabu anifungulie? Mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, ana ndoo mbili na jua la saa 5!

Mwalimu Zuhura: Hiyo njia nimeikuta nilipohamia hapa. Mwenye kiwanja wa kwanza alikuwa na mbwa, lakini njia hakuigusa.

Charo Fundi: Wazee mnisamehe, nitasema neno lisilopendwa. Mimi kazi ya maana sijaiona tangu Ramadhani. Ghorofa 12 ni miaka miwili ya kazi kwa mafundi na vibarua wa hapa hapa. Tukipinga kila kitu, hao watu watavuka daraja waende wakajenge Mtwapa, na sisi tubaki na mwarobaini wetu.

Mwende: Charo ana haki. Na mimi mpangaji natamani nyumba ziongezeke, labda kodi itapoa.

Mwalimu Zuhura: Kodi ipoe kwa fleti za kuangalia bahari? Mwende mwanangu, hizo ni za kukodishwa wageni kwa usiku.

Mwende: 😂 Mwalimu niachie hata ndoto.

Mwenyekiti Kombo: Nimefika. Nimesoma yote. Kabla hatujagawanyika, Saidi atueleze sheria yasemaje. Saidi, kwa lugha ya nyumbani tafadhali, si ya ofisini.

Saidi wa Ramani: [ujumbe wa sauti, Kadzo ameuandika] "Tangu Katiba ya 2010, kupanga matumizi ya ardhi ya mji ni kazi ya kaunti, imo kwenye Jedwali la Nne. Sheria inayotumika ni ya 2019, iliyoondoa ile ya 1996. Hujengi bila kibali, hata ukiwa na hatimiliki imefungwa kwa dhahabu. Ukijenga bila kibali faini ni hadi shilingi 500,000, au jela hadi miezi miwili, au vyote. Sasa sikilizeni hapa: waziri wa kaunti ana milango mitatu, si miwili. Aweza kukubali, aweza kukataa, na aweza kukubali kwa masharti. Watu wengi waandika barua ya kulia, 'tunapinga, tunapinga', na barua ya kulia haina mahali pa kushikwa. Sisi tuandike masharti."

Charo Fundi: Hapo sasa umesema.

Kadzo: Sheria ziko, na minazi inakatwa. Nani amewahi kuona barua ya mtaa ikisimamisha ghorofa?

Saidi wa Ramani: Hatutaki isimame. Tunataka njia. Na waziri akiamua vibaya, siku 14 tena za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya upatanishi wa mipango, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini ukifika kule bila pingamizi la maandishi huku chini, utaulizwa ulikuwa wapi.

Baba Faraj: Na ufuo je? Mimi nimesikia mita 30 kutoka maji yanapojaa ni za serikali. Basi nusu ya kiwanja chake si yake!

Saidi wa Ramani: Baba Faraj, hili nalisikia kila mahali, na litatupoteza. Pale kati ya maji yakijaa na maji yakitoka ni ardhi ya umma, Katiba kifungu cha 62, hapo hakuna ubishi. Kanuni za upimaji kwa ufuo wa bahari zataja mita 60, si 30, na ni za ardhi ya serikali ambayo haijamilikishwa mtu. Sasa vingi vya viwanja vya mstari wa kwanza vina hati za tangu enzi ya ukanda wa pwani wa maili 10 uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, zilizotolewa kwa ile sheria ya hati ya 1908, na mpaka wake wafika hadi alama ya maji kujaa. Tukiandika "mita 30" bila kuiona hati yake, wakili wake ataishika hiyo moja akacheke nayo, na yetu ya kweli izame pamoja nayo.

Baba Faraj: Alama ya maji kujaa ya lini? Bamvua, maji yakijaa sana, ama maji mafu, yakijaa kidogo? Maana bamvua la kusi lafika kwenye ukuta wake.

Saidi wa Ramani: Swali zuri kuliko yote leo. Piga picha bamvua lijalo.

Baba Faraj: Nitapiga. Alfajiri, kabla hawajaamka.

Mwalimu Zuhura: Mimi langu ni choo. Msicheke. Upande wetu huu mabomba ya maji taka hayajafika. Mtambo uko Kizingo kisiwani na mwingine Kipevu, huku kaskazini kila mtu na shimo lake. Fleti za ghorofa 12 zitakwenda wapi na choo chao? Mwamba wetu ni matumbawe, una matundu kama sifongo. Kinachoingia kwenye shimo la jirani chaibuka kisimani kwangu.

Mwende: Na maji ya kuingia je? Bomba letu latoka mara moja kwa wiki, likitoka.

Mwalimu Zuhura: Mji mzima wanywa maji ya wenyewe. Chemchemi ya Mzima iko Taita Taveta, Baricho iko Kilifi, Marere na Tiwi ziko Kwale. Hakuna hata chanzo kimoja kikubwa ndani ya mpaka wetu, na kwa hesabu ya watu ya 2019 tulikuwa zaidi ya milioni 1.2. Kila ghorofa jipya ni mdomo mpya kwenye bomba lile lile.

Charo Fundi: Watachimba kisima.

Mwalimu Zuhura: Ndiyo hofu yenyewe, Charo. Ukivuta sana karibu na bahari, chumvi yaingia. Onja cha mama yako uniambie.

Charo Fundi: Kweli chai ya nyumbani siku hizi haihitaji chumvi ya pembeni 😅

JUMAPILI

Mwende: Tumepima na Charo, tepu ya mita 30, Kadzo akishika upande wa pili. Mwanzo wa njia, kwenye mwarobaini: mita 6. Usawa wa geti la zamani: mita 6 kasoro kidogo. Ukuta mpya unapoanzia: mita 3 na nusu, mpaka mwisho kwenye mchanga. [picha] [picha] [picha]

Charo Fundi: Na msingi wa ukuta wa zamani bado uko, umefukiwa mchanga. Nimefagia kwa mkono, unaona mawe yamepangwa sawasawa. Fundi aliyejenga ule wa kwanza alijua mpaka wake. Mimi nataka kazi, lakini ukuta umeingia njiani, siwezi kusema haukuingia.

Mwenyekiti Kombo: Charo, Mungu akubariki kwa hilo.

Saidi wa Ramani: Na mimi nimeitoa nakala ya ramani ya upimaji niliyokuwa nayo kabatini tangu kazi ya zamani. Njia yetu imo. Mistari miwili sambamba, kutoka barabara hadi alama ya maji kujaa, upana mita 6. Si kichochoro cha hisani. Kesho nitaomba nakala rasmi ofisi ya upimaji, maana ya kabatini haina muhuri.

Baba Faraj: Allahu akbar. Miaka yote twadhani twapitishwa kwa huruma.

JUMATATU

Mwenyekiti Kombo: Rasimu hii. Someni, msiongeze matusi.

"Sisi wakazi, wavuvi na wafanyabiashara wadogo wa mtaa huu tumeona bango la maombi ya kubadilisha matumizi na kujenga ghorofa 12. Hatupingi nyumba kujengwa. Tunapinga maombi haya kukubaliwa jinsi yalivyo, na tunaomba kibali, kikitolewa, kiwe na masharti haya. Njia ya umma ya kwenda baharini, mita 6 kama ilivyo kwenye ramani ya upimaji iliyoambatishwa, irudishwe kwa upana wake kabla ya msingi kuchimbwa, na ioneshwe kwenye kila mchoro wa mradi. Muombaji aoneshe maji taka yatasafishwa vipi, na yasiingizwe kwenye mwamba. Aoneshe maji ya matumizi yatatoka wapi bila kuchimba kisima kitakachoharibu vya majirani. Magari ya ujenzi yasifunge njia saa za wavuvi kushusha samaki. Bango liliwekwa siku kadhaa baada ya tarehe iliyoandikwa, picha zimeambatishwa, kwa hiyo tunaomba siku zihesabiwe upya na kikao cha wakazi kiitishwe."

Mama Riziki: Nzuri. Lakini "wafanyabiashara wadogo" ni nani? Andikeni mama karanga. Anayesoma ajue ni nani atakayekosa riziki.

Mwenyekiti Kombo: Nimebadilisha.

Charo Fundi: Ongezeni sharti jingine: vibarua na mafundi wa mtaa wapewe nafasi ya kwanza.

Kadzo: Hilo ni la mipango ya ardhi kweli?

Saidi wa Ramani: Si la mipango, lakini twaweza kumwambia mwenyewe uso kwa uso. Kwenye barua litatuchanganyia.

Charo Fundi: Sawa. Lakini msisahau.

Mwalimu Zuhura: "Mwamba" uwe "mwamba wa matumbawe na maji ya chini ya ardhi". Na kaunti yatakiwa kuwa na mpango wake wa matumizi ya ardhi wa miaka 10. Tuulize njia hii imo kwenye mpango huo au haimo. Leo twapigania ukuta mmoja, mwaka ujao utakuja wa pili.

Saidi wa Ramani: Mwalimu, hiyo iwe barua ya pili, kwa afisa wa mipango, nakala kwa mwakilishi wadi. Ukweli ni kwamba ile ndiyo kubwa zaidi. Njia ikiwa kwenye mpango, kila mchoro utakaopita mezani utaikuta pale.

Mwenyekiti Kombo: Sahihi zaanza leo baada ya magharibi, barazani kwa Baba Faraj. Njooni na vitambulisho. Mpangaji pia asaini, Mwende usijifiche.

Mwende: Siogopi, landilodi wangu mwenyewe yuaja kusaini.

JUMATANO

Mwenyekiti Kombo: Sahihi 63. Nimezipeleka mwenyewe, barua zote mbili. [picha] Nakala yetu imepigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Asili iko kwangu, nakala moja kwa Mwalimu, moja kwa Saidi.

Saidi wa Ramani: Na ramani rasmi nimeipata. Mita 6 vile vile.

Kadzo: Nakubali. Sikudhani tungefika hata hapo.

Baba Faraj: Injinia wa mradi amenipigia simu sasa hivi, sijui namba yangu aliitoa wapi. Yuwataka tukutane kesho saa 10 jioni, atununulie chai tuongee kiungwana.

Mwenyekiti Kombo: Mkutano sawa, ila hapo hapo njiani, mbele ya ukuta. Asiende mtu peke yake. Charo na tepu, Saidi na ramani, Mwalimu aandike kila kinachosemwa.

Mama Riziki: Na chai nitapika mimi.