Fundi aliyeniuzia sampu hakujiuliza umeme ukikatika maji yatakwenda wapi

Ndugu wanajamvi, assalaam alaykum.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kuna duka moja hapa Unguja, ambalo kwa sasa silitaji jina kwa kuwa madai yangu bado wanayo, linalojinadi kwamba linatengeneza matangi ya samaki pamoja na sampu zake "kwa vipimo vya kitaalamu". Nililipa fedha zote mbele, nikapewa risiti, na nilichofungiwa nyumbani ni mtambo unaofanya kazi vizuri kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba umeme usikatike. Hapa Zanzibar!

Kwa asiyeijua sampu, ni tangi la pili linalofichwa kabatini chini ya lile la maonyesho. Maji ya juu hufurika kwenye ukingo wenye meno, yakateremka kwa uzito wake yenyewe, yakapita kwenye sponji inayonasa uchafu, kisha kwenye vipande vya kauri vyenye vitundu vingi wanamokaa bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, na mwisho yakafika chumba cha pampu inayoyarudisha juu. Hesabu yake anaiweza mtoto wa darasa la saba, lakini ni hesabu, na anayepokea fedha za watu kwa kazi hii anawajibika kuifanya kabla hajakata kioo cha kwanza.

Pampu ikizimika hutokea mambo mawili kwa pamoja. Maji yaliyokuwa juu ya ukingo humalizikia chini, na hayo ni machache. La pili ndilo lililoniliza: paipu iliyokuwa ikipandisha maji hugeuka ikawa ya kuyateremsha, sawasawa na mtu anayehamisha mafuta ya taa kwa mpira kutoka kwenye pipa, na maji hayaachi kushuka mpaka mdomo wa paipu ile ukutane na hewa. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi wa sampu ni mdomo wa paipu ya kurudishia umezama kiasi gani, na la pili ni sampu imeachiwa nafasi tupu kiasi gani.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120 na upana wa 50, maana yake kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Fundi aliuzamisha mdomo wa paipu sentimita 12 chini ya uso wa maji, akaniambia kwa kujiamini kabisa kwamba amefanya hivyo ili maji yasipige kelele usiku. Sentimita 12 mara lita 6 ni lita 72. Sampu yenyewe ina urefu wa sentimita 75, upana wa 35 na kimo cha 40, na kuta za vioo za ndani zimesimama sentimita 30, kwa hiyo mtambo ukiwa unazunguka nafasi iliyobaki juu ni ya lita 26 hivi. Lita 72 ziingie katika nafasi ya lita 26! Zilizobaki, takriban 46, hazikuwa na pa kwenda isipokuwa sakafuni, na kabla ya hapo zililowesha kabati la mbao zilizobanwa, ambalo sasa limevimba mlango haufungi.

Nakaa ghorofani. Umeme ulikatika usiku watu wamelala, na aliyenigongea mlango ni mama wa nyumba ya chini, mtu mzima wa heshima zake, ameshika kandili mkono mmoja na beseni mkono wa pili, akisema, "Mwanangu, kwako kuna nini? Kitandani kwangu kunanyesha." Godoro lake nimelilipa mimi. Dari lake nalipaka rangi mimi. Duka halijatoa hata senti moja.

Nilipokwenda kudai, jibu nililopewa mbele ya wateja wengine ni hili: "Sheikh, umeme hatukukata sisi." Naomba kila mmoja alipime jibu hilo. Hiki ni kisiwa kinacholetewa umeme kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, kisiwa kilichokaa gizani kama mwezi mzima mwaka 2008, kisha kikakaa tena gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mkubwa zaidi ulilazwa baadaye na hali imekuwa nafuu, lakini hakuna fundi aliyekulia hapa anayeweza kudai kwamba kukatika kwa umeme ni ajali isiyotazamiwa. Kwetu ni kipimo cha kazi, sawa na urefu na upana wa kioo.

Na lililonikera zaidi ni wepesi wa dawa yake. Kitundu cha milimita 5 kwenye paipu ya kurudishia, kidogo tu chini ya uso wa maji, kingetosha: maji yakishuka hadi hapo, kitundu kinavuta hewa na mteremko unakatika. Au, bora zaidi kwa sababu kitundu huweza kuzibwa na ukungu wa kijani au konokono, mdomo wenyewe ungewekwa sentimita 2 tu chini ya uso, zikashuka lita 12 na nafasi ile ya lita 26 ikazimeza bila tabu. Badala yake walitaka kuniuzia, kwa fedha nyingine, valvu ya kuzuia maji yasirudi. Valvu ya namna hiyo ikiingiwa na chembe ya mchanga kwenye ulimi wake haifungi sawasawa. Ni msaada wa ziada, wala hakuna mwenye akili timamu anayeitegemea peke yake juu ya kitanda cha jirani.

Baada ya hapo nikaanza kuikagua kazi yote. Pampu iliyoandikwa lita 3,000 kwa saa ilichukua sekunde 55 kujaza ndoo ya lita 20 pale juu, yaani kama lita 1,300 kwa saa. Si wizi wa pampu. Namba ya kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji kokote, na kila inapoyapandisha nguvu inapungua. Ila aliyenihakikishia kwamba maji yatazunguka mara kumi kwa saa alipaswa kulijua hilo, kwani tangi lina kiasi cha lita 300, na kinachozunguka hakifiki hata mara tano. Paipu ya kuteremshia ni moja tu, ya robo tatu inchi, haina chujio mdomoni wala mwenzake wa dharura, ikizibwa na jani maji yatafurika juu. Chumba cha pampu kina upana wa sentimita 10, hivyo lita moja ikikauka kwa joto la kaskazi, maji yanashuka humo karibu sentimita 3, kwa kuwa upungufu wote wa mtambo huonekana katika chumba hicho peke yake. (Nakiri udogo huo una faida: paipu ya kushukia ikiziba, pampu haina maji mengi ya kupeleka juu. Lakini aliyeujenga hakuufikiria hivyo, nilimuuliza.) Vipande vya kauri vimewekwa mbele ya sponji, uchafu wote unatua juu yao. Kuta za ndani zimegundishwa kwa silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu. Tyubu tupu aliiacha kabatini, maandishi yake yanasomeka.

Samaki wangu ni wa Ziwa Tanganyika, na nilichagua hao kwa sababu maji yetu yanayotoka kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi kama wanavyopenda. Wako hai kwenye pipa la plastiki, kwa pampu ya hewa ya betri.

Ninachodai ni fedha ya sampu irudishwe yote, gharama za godoro na dari zilipwe, na paipu ya juu ifungwe upya na mtu mwingine kwa gharama za duka. Nakala za risiti na picha nimeshapeleka kwao kwa maandishi.

Walionunua kwa mtu huyo huyo, naomba mzime pampu kwa makusudi, mchana, mkiwa mmesimama mbele ya sampu na matambara mkononi, mkono uko tayari kwenye swichi, na mtazame maji yanasimama wapi. Yakielekea ukingoni, washeni pampu mara moja na niandikieni, tukadai pamoja. Pia, yeyote anayemjua fundi hapa Unguja mwenye keekee ya almasi, anayeweza kutoboa kioo cha milimita 10 bila kukipasua, naomba anielekeze, kwa sababu nataka paipu ya pili ya kushukia kabla samaki hawajarudi.