Kanta, hina au niziache mvi zitoke? Naomba tulinganishe

Mwalimu_Raskazone
Habari za jioni wanajamvi. Nina miaka 49, nafundisha sekondari hapa Tanga. Mvi zimenianzia kwenye panja zote mbili, sasa zimepanda hadi utosini. Nywele zangu ni za dawa ya kulainisha, zinagusa mabega. Nimekuwa nikipaka kanta ya unga, ile rangi nyeusi ya nywele, kila zinapochungulia, lakini mwaka huu kila nikipaka, nyuma ya masikio panawasha mpaka usingizi unakatika. Mwanangu anaolewa Desemba: kuna kicheni pati, kuna sendofu, kuna picha. Shangazi zake wameshasema mama wa bibi harusi haingii ukumbini na kichwa cheupe. Mume wangu anasema nifanye nitakalo, jibu ambalo halijanisaidia kitu. Ninaona njia nne: nibaki na rangi ila nibadilishe aina, nihamie hina, ninyoe nianze upya na mvi zangu, au nifiche kwa wigi na rasta mpaka nitakapoamua. Aliyepita njia mojawapo aniambie imemgharimu nini, na sizungumzii hela tu.

Mama_Saluni_Sinza
Mwalimu, hiyo ya kuwashwa nawaachia wenye taaluma, ila usipake tena mpaka wakujibu. Mimi niseme ya kichwani.

Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Ukipaka rangi ya kudumu, wiki ya tatu au ya nne mstari mweupe unaonekana kwenye njia ya kitana. Na weusi wa kanta ndio unaoufanya mstari uonekane zaidi, kwa sababu hakuna mtu mzima mwenye nywele nyeusi tii namna ile. Wateja wangu waliovuka arobaini nawashusha hadi kahawia iliyokoza. Mvi zikianza kutoka hazishtui, na mtu anaongeza wiki mbili tatu kabla hajarudi.

Kwa nywele za dawa kuna sheria moja ambayo wengi wanaivunja: dawa na rangi hazikai siku moja. Ritachi, yaani dawa kwenye nywele zilizoota upya, kwanza, subiri angalau wiki mbili, ndipo rangi. Ukizipanga pamoja kwa kuwa una haraka ya harusi, utaziokota kwenye sinki.

Kuna njia ya tano hujaitaja. Ni rangi ya muda, isiyochanganywa na peroksaidi, watu wanaiita rinsi. Haiingii ndani ya unywele, inakaa juu na kutoka kidogokidogo kila unapoosha. Kama mvi hazijafika nusu ya kichwa, inazipoza tu, zinaonekana kama nyuzi za rangi nyepesi. Mwenye kichwa cheupe kabisa asihangaike nayo.

Kunyoa nakurudia baadaye, nina mteja kwenye drayari.

Mzee_wa_Bao
Mnajisumbua bure akina mama. Mvi ni heshima. Mimi zangu naziacha na watu wananiamkia vizuri.

Shangazi_Mkali
@Mzee_wa_Bao heshima hiyo mnagawiana nyinyi kwa nyinyi. Mwanaume akiota mvi anaitwa mheshimiwa hata kama hana nyadhifa. Mwanamke akiota anaulizwa kama anaumwa, au kama mumewe kaoa mwingine. Na tusidanganyane, wanaume wanaopaka kanta hadi kwenye sharubu mjini hapa wamejaa, ila wao hawaanzishi mada, wanakwenda kinyozi jioni kimyakimya.

BintiMvita
Dadangu mwalimu, pole na hongera ya harusi. Mimi ni wa hina tangu ujana, na mvi zilipozidi ndipo niliposhukuru kuijua.

Hina haifanyi nywele nyeusi kuwa nyepesi. Hushika weupe. Mwenye mvi chache hutoka na nyuzi za rangi ya damu ya mzee zikimeta juani, na mwenye mvi tele hutoka chungwa, na hilo chungwa ndilo linalowakimbiza watu. Wanaotaka weusi hufuatisha nili, unga wa majani ya mnili. Hina kwanza, ya majani yaliyosagwa, ikandwe kwa maji na ndimu, iachwe saa kadhaa ikomae, ipakwe, ikae. Ioshwe. Kisha unga wa nili ukorogwe kwa maji ya vuguvugu na upakwe papo hapo, maana haungoji. Siku ya kwanza huenda ukaona rangi ya kijani kijani, usishtuke, huiva na kukolea siku moja au mbili baadaye. Kazi ni ya siku nzima, nguo za zamani, na mtu wa kukusaidia kisogoni. Anayetaka jambo la dakika arubaini hii si yake.

Faida yake ni kwamba haifubai haraka na nywele hushiba. Hasara ni kwamba haitoki. Ukichoka, dawa ni mkasi.

Kwa sisi Waislamu kuna la dini pia. Siku ya ufunguzi wa Makka aliletwa Abu Quhafa, babake Sayyidna Abubakar, kichwa na ndevu nyeupe pe, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha zibadilishwe lakini weusi uepukwe. Kwa hivyo kubadilisha mvi hakuna mzozo. Mzozo uko kwenye weusi mtupu, na hapo wanazuoni wamekhitilafiana, wengine wakimruhusu mwanamke aliye na mume. Muulize shekhe wako, usinichukue mimi.

Jambo la mwisho na ndilo kubwa: pakiti ikiandikwa hina nyeusi, hiyo si hina. Hina haina weusi.

Nesi_Mstaafu
BintiMvita amenifungulia mlango. Kinachotia weusi kwenye hizo hina nyeusi, kwenye piko nyingi za kuchora mikononi, na kwenye rangi nyingi nyeusi za kudumu ni kemikali inayoitwa PPD. Watu wengi wanaivumilia miaka nenda rudi. Mwili wa mwingine unaikataa, na kawaida haikatai siku ya kwanza, inaizoea vibaya polepole. Ndiyo maana mtu anasema "mbona napaka siku zote?" Kuwashwa nyuma ya masikio, kwenye kope na kwenye mstari wa paji la uso ni dalili zinazojulikana. Mara ijayo inaweza kuwa uso mzima umevimba na macho yamefumba. Pumzi ikianza kubana, hiyo ni hospitali, hakuna kusubiri asubuhi.

Mwalimu, ulipakwa piko nyeusi mikononi ulipoolewa, au kwenye harusi za wenzako? Nauliza kwa sababu PPD iliyopakwa moja kwa moja kwenye ngozi ni njia rahisi ya kupata mzio huo, na ukishaupata haukuachi.

Maneno mawili yanayodanganya dukani. La kwanza ni "haina amonia". Amonia ndiyo ile harufu kali, na kuondolewa kwake hakumaanishi PPD haimo. La pili ni "asilia". Geuza pakiti usome viungo. Ulaya wameweka kikomo cha asilimia 2 ya PPD kwenye mchanganyiko unaopakwa kichwani. Pakiti isiyo na orodha ya viungo huna namna ya kujua ina ngapi.

Kwa asiye na dalili: paka tone dogo la rangi nyuma ya sikio au kwenye kiwiko cha ndani, subiri saa 48. Kwa mwenye dalili kama mwalimu, usijijaribu nyumbani, nenda kwa daktari wa ngozi. Zipo rangi zinazotumia kemikali jamaa ya PPD badala yake, lakini baadhi ya wenye mzio zinawadhuru vilevile.

Kuhusu saratani, maana najua mtaniuliza. Mwaka 2019 Marekani walichapisha utafiti wa wanawake zaidi ya 46,000 ambao dada zao waliwahi kuugua saratani ya matiti. Waliotumia rangi za kudumu walionekana kuugua zaidi kidogo, na kwa wanawake weusi tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 45 juu ya wasiotumia. Mwaka uliofuata ukatoka mwingine wa wauguzi zaidi ya 117,000, wengi wao wazungu, ambao haukuona ongezeko kwa saratani nyingi ila aina chache, zikiwemo baadhi za matiti na ya ovari. Tafiti za namna hii zinaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, haziapi kwamba kimoja kimeleta kingine. Mimi binafsi nilipunguza. Sikuacha.

Kilifi_Kwetu
Ninyi mnaongea urembo na afya. Kwetu kuna mama anayepaka nywele ili aishi.

Huku Kilifi, pwani ya Kenya, mzee mwenye mvi akifiwa na mjukuu au jirani, maneno yanaanza: mchawi. Wazee wanauawa, na wengine wamekimbilia kituo cha Kaya Godoma kule Ganze wakaacha nyumba zao. Nyuma ya neno uchawi mara nyingi kuna shamba, na vijana wanaolitaka kabla ya wakati. Kwa hiyo wazee, wake kwa waume, wananunua rangi nyeusi ya bei rahisi kabisa na kujipaka. Hawana habari ya PPD wala ya kusubiri saa 48. Nyanyangu alipaka mpaka alipofariki, na hakuwa mtu wa mapambo hata kidogo. Mtu akimwambia mwanamke "ziache tu, mvi ni heshima", amuulize kwanza anaishi wapi na shamba ni la nani.

Msukuma_wa_Maswa
@Kilifi_Kwetu kwetu ni macho. Bibi amepikia kinyesi cha ng'ombe na kuni maisha yake yote, moshi umemwekea macho mekundu, basi wanamwita mchawi. Mvi zinaongezea. Nakuelewa kabisa.

Mzee_wa_Bao
Hilo la Kilifi sikulifikiria. Nimesoma.

Dada_wa_Toronto
Huku nilipo kuna aina nyingine ya adhabu, isiyo na panga. Lisa LaFlamme alikuwa mtangazaji mkuu wa taarifa ya habari ya CTV, televisheni ya hapa Kanada, tangu 2011. Saluni zilipofungwa kwa ajili ya korona mwaka 2020 akaacha kupaka, mvi zikatoka hadharani. Agosti 2022 akatangaza kwamba mkataba wake umekatizwa, akiwa na miaka 58. Kampuni ilisema ni uamuzi wa kibiashara, lakini nchi nzima ilibishana kuhusu nywele zake kwa wiki kadhaa. Mtangazaji mwanaume aliyemtangulia alikaa hadi miaka 77 na kichwa cheupe.

Mimi nilinyoa wakati wa korona hiyohiyo na sijarudi nyuma. Faida: asubuhi nimepata muda. Hasara ambayo hakuna aliyeniambia: kwenye simu za video na nyumbani kila mtu anaanza na "umezeeka!" kabla ya salamu. Na kazini nimejikuta nanunua hereni na lipstiki kuliko zamani, kwa hiyo hela ya saluni haikubaki mfukoni kama nilivyodhani.

Mama_Kwaya
Mithali 16:31, kichwa chenye mvi ni taji ya utukufu kikionekana katika njia ya haki. Mimi nimevaa taji langu kanisani miaka mingi, na mwenyekiti wa kwaya anapaka. Tunaimba sauti moja.

Mwalimu_Raskazone
Asanteni sana, sikutegemea mengi hivi. @Nesi_Mstaafu ndiyo, piko nimepakwa mara nyingi, sisi Tanga harusi bila piko haijawa harusi. Nimeshapanga kwenda kwa daktari wa ngozi hospitali ya Bombo, na kanta iliyobaki nimeitupa. @Kilifi_Kwetu pole sana kwa bibi. Nimewasomea wanafunzi wangu wa kidato cha tatu ujumbe wako, bila jina, na kipindi kizima kikaishia hapo. Sasa nimebaki kati ya kunyoa na hina. @Mama_Saluni_Sinza, nikinyoa leo, Desemba nitakuwa na nini kichwani? Na wigi juu ya kichwa kinachowasha linafaa?

Mama_Saluni_Sinza
Nimerudi. Sasa ni Agosti. Ukinyoa chini wiki hii, Desemba una karibu sentimita nne za kipilipili chako mwenyewe, cheupe panjani na kijivu juu. Hizo zinatosha kuchongwa vizuri na kuonekana umekusudia. Ukinyoa Novemba kwa hofu, utaonekana umetoka kuugua, na hapo maneno yatakuwa ya haki. Usijaribu kuzisubiri zikue ukiwa na dawa chini: kipilipili cheupe juu, nywele laini nyeusi chini, na pale zinapokutana ndipo zinapokatika. Kufika mabegani kwa njia hiyo ni zaidi ya miaka miwili.

Mvi zinakuwa kavu na ngumu kidogo, zinataka mafuta. Mbarika ni mazuri ila kidogo, maana mazito, na weupe unashika rangi ya kitu chochote: mafuta ya njano, moshi wa jikoni, pasi ya nywele. Zikigeuka njano, shampuu ya zambarau mara moja moja inazirudisha.

Wigi na rasta, subiri ngozi ipone. Rasta zenyewe zikivutwa panjani unapopungua nywele, utakuja kulilia mvi ulizokuwa nazo. Hina ukiitaka, fanya kwenye nywele fupi baada ya daktari kuruhusu, na iwe majani matupu. Zile zilizochanganywa madini zikikutana na dawa ya kulainisha zinaweza kuharibu nywele.

Nesi_Mstaafu
Nyongeza kwa wanaohamia hina: wale wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao ukanda wetu wa malaria tunao wengi, hina inaweza kuwavunjia chembe hizo, na watoto wachanga ndio wanaoumia zaidi. Bibi jipake, mjukuu wa siku arobaini umwache.

Neema_88
Mimi nina 27 na zimeshaanza! Nimeng'oa kila ninayoiona, wanasema ukiing'oa moja zinakuja saba.

Nesi_Mstaafu
@Neema_88 haziji saba, inarudi ileile moja, ila ukiing'oa mara nyingi tundu linaweza kufa na usipate hata hiyo. Kwa watu weusi mvi kwa kawaida huanza katikati ya arobaini. Chini ya thelathini huhesabika ni mapema. Mara nyingi ni ukoo tu, muulize mama na baba. Hata hivyo pima vitamini B12 na tezi ya shingo, na kama unavuta sigara hapo pana jambo la kuacha.

Neema_88
Mama alianza na 25, basi nimejijibu. Na nyusi je? Nimeona moja nyeupe leo.

Nesi_Mstaafu
Nyusi usizipake rangi ya kichwani hata tone, ikiingia jichoni unaweza kupofuka. Wanja wa penseli unatosha.