Waandaaji wa matamasha Tanga, mama zetu wa ngoma mtawalipa lini?

Wakuu salama? Nimechoka na leo nasema. Kila likija tamasha hapa Tanga, liitwe la utamaduni, la jamii, bonanza, sijui nini, mambo ni yaleyale, vikundi vya hapahapa vinapandishwa steji saa nane mchana jua linawaka, watu wako makazini wengine bado Mgandini sokoni, uwanjani kuna watoto tu. Usiku watu wakishajaa steji anapewa msanii katoka Dar, diijei anamwekea nyimbo zake, anarukaruka nusu saa haooo anaondoka. Na huyo kalipwa kabla hajatoka kwake!!

Juzi ndo wamenimaliza kabisa. Mama zetu wa mdumange, ngoma ya Wasambaa, wameshuka toka Lushoto kwa nauli zao, wengine watu wazima sana, wamekaa tangu asubuhi hakuna turubai hakuna maji, ukiuliza unaambiwa ratiba imebadilika kidogo. Kumbe wanasubirishwa mgeni rasmi. Kafika, wamepiga ngoma kumpokea, wamecheza mpaka kakaa kwenye kiti, hapohapo MC anasema ahsanteni mama zetu tupisheni. Basi! Hotuba zikaanza mpaka jua linazama. Malipo yao soda na tisheti ya mdhamini, hela "tutawatafuta wiki ijayo", na mpaka leo simu hazipokelewi.

Halafu mtu anakwambia eti Tanga haina wasanii wa kujaza uwanja. Tanga gani hiyo? Hapa ndo zilipotoka bendi za dansi Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, hapa ndo vikundi vya Black Star na Lucky Star walipoingiza magitaa ya umeme kwenye taarab na Shakila akaimba nao kabla hajahamia Dar. Wilson na George Kinyonga wamepitia Jamhuri Jazz hapahapa, 1971 wakavuka kwenda Kenya wakaanzisha bendi ya Simba Wanyika. Enzi hizo mkonge una hela na bandari ina kazi, watu wakipokea mshahara wanaenda dansini usiku kuwasikiliza watu wa mji wao. Walipewa usiku! Walipewa vyombo!

Ukiwabana waandaaji wanasema watu wanataka majina makubwa. Umejuaje wakati hujawahi kuwaweka ngoma ya selo ya Wazigua au bendi ya vijana wa Ngamiani saa tatu usiku spika zote zimewashwa? Mchana unawapa maiki moja inakoroma, fundi mitambo mwenyewe kaenda kula, halafu unasema hawana mvuto. Hawa wanajisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, wanalipa ada, wananunua ngozi za ngoma na sare kwa mifuko yao, na mabango yenu mnabandika picha zao ili mdhamini aone utamaduni upo.

Vikundi nawaomba sana, msipande steji ya mtu bila karatasi iliyoandikwa saa ya kupanda na kiasi cha pesa, nusu ije kwanza. Na ofisi ya utamaduni kabla haijatoa kibali idai kuona ratiba, kama usiku wote hamna kikundi hata kimoja cha hapa wasipewe.

Na humu najua kamati mpo na mnasoma. Jibuni hapahapa kwenye uzi, tarehe gani mnawalipa wale mama?