Maktaba ndogo, zana mpya za mtandaoni kila kukicha: nianze kujifunza ipi?

Mkutubi_wa_Zamu

Wadau, habari za leo. Humu ndani huwa nasoma tu na kupita, ila leo nimekwama, naomba mnisaidie.

Niko kwenye maktaba ya mji mdogo. Wafanyakazi ni wawili: mimi na mama mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, ambaye ukimtajia jina la kitabu anakwenda moja kwa moja kwenye rafu bila kugusa droo ya kadi. Vitabu ni kama elfu sita. Katalogi bado ni ya kadi, kuazimisha ni kwa daftari. Kompyuta ziko tatu, mbili kati ya hizo ni za wasomaji. Intaneti ipo lakini hukatika, wakati mwingine siku nzima.

Kamati yetu imetaka tuingie kwenye dijitali. Sikuelezwa zaidi ya hapo, nikaona nijifunze mwenyewe. Ndani ya miezi minne nimehudhuria mafunzo matano kwa njia ya mtandao na nimefungua akaunti kumi na moja: za katalogi, za kutengeneza matangazo, za fomu, za kupanga kazi, za vitabu vya kielektroniki. Kila mafunzo yakiisha natoka na ari kubwa. Zikipita wiki mbili nafungua ile programu na sijui hata pa kubofya. Mwenzangu nilimkalisha siku moja tujifunze pamoja. Baada ya nusu saa akasema, "Mwanangu, haya yamenipita," akarudi kaunta. Sipendi awe nje ya jambo hili. Maktaba ni yake kuliko ilivyo yangu.

Naomba kujua ninyi mlianza na zana gani, na mlifanyaje hadi mkaizoea. Na huyu mama nimwingizeje bila kumvunjia heshima?

KadiNaDroo

Pole, na hongera kwa kujaribu. Kusahau kwako kuna sababu: unajifunza zana ambayo bado huna kazi ya kuipa. Ukijifunza kutengeneza fomu leo na huna jambo la kuwauliza wasomaji wako wiki hii, lazima itayeyuka. Mimi nilisahau programu moja mara tatu, mpaka siku niliyoihitaji kweli ndipo ikakaa.

Acha mafunzo kwa wiki mbili. Weka daftari dogo kaunta, na kila msomaji anapotaka jambo mkashindwa kumpa, au mkampa baada ya kuhangaika, liandikeni kwa maneno yake mwenyewe. "Kile kitabu kimerudi?" "Mna kitu chochote kuhusu ufugaji wa nyuki?" "Naweza kutuma barua ya maombi ya kazi kutoka hapa?" Kila swali la namna hii lina zana yake, na zana hizo hazifanani. Daftari letu lilijaa watu wanaopiga simu kuuliza kama kitabu kipo, kwa hiyo tukaanza na katalogi. Daftari lako likijaa watu wanaotaka kutuma maombi ya kazi, achana kwanza na katalogi, jifunze mambo ya barua pepe na kuskani hati ili uweze kuwasaidia.

Rafu_ya_Juu

Naongeza hapo. Mwaka 2006 maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg kule Marekani ilikuwa na tatizo kama lako, ila kwa wafanyakazi mamia. Helene Blowers akawatengenezea mpango wa mambo 23 madogo ya kufanya mtandaoni: fungua blogu, pakia picha, weka vitabu vyako kadhaa kwenye LibraryThing (tovuti ya kuorodhesha vitabu), na kadhalika. Kila mtu alijifunza kwa mwendo wake na kuandika alichokiona, na waliomaliza yote walipewa kifaa cha kusikilizia muziki. Maktaba za nchi nyingi ziliuiga mpango ule. Kilichonivutia ni kwamba kila jambo lilikuwa dogo, la kumalizika kwa kikao kimoja, na lilimtaka mtu afanye kwa mkono wake badala ya kutazama video.

Kwa hiyo tengeni dakika 15 asubuhi kabla ya kufungua mlango. Jambo moja tu.

Fundi_Seva

Mpango ule naujua na niliupenda, lakini tuseme na upande wa pili. Zana nyingi zilizokuwa kwenye orodha ile zimekufa. Bloglines, ya kufuatilia habari za tovuti, haipo; Delicious, ya kuhifadhi viungo, haipo. Hata Google Reader, ambayo wengi tuliihamia baadaye, ilifungwa 2013. LibraryThing imedumu. Aliyejifunza vitufe vya Bloglines alipoteza kila kitu. Aliyeelewa namna ya kufuatilia habari kutoka tovuti nyingi mahali pamoja alihamia kwingine bila shida.

Ndiyo maana kabla sijaingiza hata kitabu kimoja kwenye programu yoyote huwa natafuta kwanza mlango wa kutokea: je, inaniruhusu kupakua data yangu yote kama faili la CSV (jedwali la maandishi matupu linalofunguka kwenye programu nyingi), au kwa vitabu, MARC (muundo wa rekodi unaotumiwa na maktaba)? Nisipouona mlango huo ndani ya dakika tano, siendelei. Niliwahi kuona maktaba ikiandika upya maelfu ya rekodi kwa mkono kwa sababu mwenye programu alifunga kazi na hapakuwa na njia ya kuzitoa. Wafanyakazi wale walilia kweli.

Kuhusu katalogi, usiiogope Koha, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea katalogi na uazimishaji. Watu hudhani ni ya vyuo vikuu, kumbe ilizaliwa kwenye maktaba za wilaya ndogo ya Horowhenua, Nyuzilandi. Mfumo wao wa zamani haukuwa umeandaliwa kuvuka mwaka 2000, wakaagiza kampuni ya Katipo iwatengenezee mwingine mwaka 1999, ukaanza kazi Januari 2000, kisha wakaugawa bure kama programu huria. Jina lenyewe ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Ipo tovuti ya majaribio ambako unaweza kubofya utakavyo bila kuharibu kitu cha mtu.

KadiNaDroo

Fundi, nakuheshimu, ila kwa maktaba ya watu wawili nasema hapana, angalau kwa sasa. Koha ni bure kuichukua, lakini inataka seva (kompyuta ya kuiendesha muda wote), bakapu, masasisho, na mtu wa kuamka ikilala. Nani huyo hapo kwake? Akipata mtu wa kumhudumia, sawa. Asipompata, vitabu elfu sita vinatosha vizuri kwenye jedwali la kawaida la Excel au LibreOffice, baadaye vihamie popote. TinyCat, katalogi ya mtandaoni iliyojengwa juu ya LibraryThing, nayo imekusudiwa maktaba ndogo, mwisho vitabu 20,000, na haina seva ya kutunza. Ila taasisi hulipia, na mtandao ukikatika nayo haifunguki.

Dada au kaka, ukianza na jedwali kuna mtego mmoja wa kuukwepa siku ya kwanza. Safu ya ISBN (ile namba ya utambulisho inayochapishwa kwenye kitabu) iwekeni kuwa maandishi, siyo namba, KABLA ya kuandika chochote. Msipofanya hivyo Excel itaigeuza ISBN ya tarakimu 13 ionekane 9.78E+12, na zile za zamani za tarakimu 10 zinazoanza na sifuri zitapoteza sifuri yake. Sisi tuligundua tukiwa tumefika kitabu cha mia tisa. ISBN ndiyo itakayokuwezesha baadaye kuvuta rekodi kamili kutoka katalogi kubwa kama ile ya Maktaba ya Bunge la Marekani badala ya kuandika upya, kwa hiyo ikiharibika umepoteza kazi ya miezi.

Fundi_Seva

Hoja ya mtu wa kuihudumia naikubali. Basi jedwali kwanza. Safu chache zinatosha: ISBN, mwandishi, jina la kitabu, mwaka, namba ya rafu, namba ya nakala. Msiongeze safu ishirini, hamtazijaza.

Kaunta_ya_Kati

Nimesoma juu juu ila sijaona mtu akigusia siri za wasomaji. Orodha ya nani kaazima kitabu gani isiwekwe kwenye jedwali la mtandaoni ambalo kila mwenye kiungo anaweza kulifungua. Mtu anayesoma kuhusu ugonjwa wake au ndoa yake anatuamini. Katalogi iwe wazi kwa wote, kumbukumbu za kuazima zibaki ndani, na kitabu kikirudi, jina lifutwe. Kwenye Koha unaweza kuamuru mfumo uifute historia hiyo wenyewe.

Akaunti nazo zifunguliwe kwa barua pepe ya maktaba, siyo ya kwako binafsi. Ukihamishwa kesho, atakayekuja atafungulia na nini?

Bi_Mkubwa_wa_Rafu

Mwanangu, mimi ni kama huyo mama unayemsema. Nilianza kazi wakati kadi tunazipiga kwa taipureta. Nikueleze kilichonitoa kaunta mwaka ule, kwa sababu humu mnaongea mashine tu.

Kijana wetu alinikalisha kama wewe, akashika kipanya yeye, akawa anaenda mbio: bofya hapa, bofya pale. Mkono wangu, uliozoea kazi ya maktaba, ulikuwa umewekwa mapajani. Nikamwambia naumwa kichwa, nikaondoka. Baada ya mwezi alikuja na swali tofauti. Alisema, "Mama, hiki kitabu kina mada tatu, nikiweke chini ya ipi?" Nikamwambia. Akaja na kingine, na kingine. Siku ya nne nikamwambia sogea, niandike mwenyewe, unachelewesha.

Huyo mama ana katalogi nzima kichwani. Anajua kitabu gani kimepoteza kadi, kipi watoto hukiita kwa jina lingine, kipi huulizwa kila mwaka wakati wa mitihani. Hakuna programu yenye hayo. Kazi yako ni kuyatoa kwake kwa heshima yakiwa bado yapo. Mwombe msaada wa kweli, usimpe somo. Kipanya akishike yeye, wewe kaa na mikono yako nyuma, hata akichelewa. Na maandishi ya skrini yaongeze ukubwa kabla hajakaa, asilazimike kukuomba.

Rafu_ya_Juu

Shikamoo mama. Hili nalihifadhi.

Msomaji_wa_Jioni

Kwa siku mtandao unapokatika, itazame Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti. Unapakua Wikipedia nzima kama faili moja, na kompyuta moja ya maktaba inaweza kuigawa kwa simu na kompyuta nyingine zilizo kwenye wi-fi yenu hata kama nje hakuna intaneti kabisa. Wikipedia ya Kiswahili faili lake ni dogo mno ukililinganisha na la Kiingereza, kwa hiyo anzia hilo. Mimi si mkutubi, ni msomaji tu, lakini maktaba iliyoniwekea hii ilinipa jioni nyingi nzuri.

Mkutubi_wa_Zamu

Shikamoo mama, na asanteni wote. Nimerudi baada ya wiki tatu kuwapa mrejesho.

Daftari la kaunta lilijaa kurasa tisa. Zaidi ya nusu ni watu wanaouliza kama kitabu kipo au kimerudi, kwa hiyo tumeanza na katalogi, kwenye jedwali, ISBN ikiwa maandishi. Akaunti nane nimezifunga, tatu nimezihamishia barua pepe ya maktaba. Kiwix imewekwa kwenye kompyuta moja na wanafunzi wanaitumia. Dakika 15 za asubuhi tunazishika siku nyingi, siyo zote.

Mama sikumfundisha kitu. Nilimwuliza vitabu vya kilimo tuvigawe vipi, kwa sababu wasomaji hawavipati pale vilipo. Tulizungumza saa nzima mbele ya rafu. Kesho yake alikaa kwenye kompyuta, maandishi makubwa, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Sasa tuna vitabu 412 kwenye jedwali, na 260 ni vyake.

Jana ameniita ana wasiwasi: kitabu kimoja cha zamani namba yake ya ISBN inaishia na herufi X. Anasema wachapishaji wamekosea na hataki kuingiza kosa la watu. Sikuwa na jibu. Kuna anayejua?

KadiNaDroo

Mwambie hawakukosea, na jicho lake ni zuri. ISBN za tarakimu 10, zilizotumika kabla ya 2007, tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki: hukokotolewa kutokana na tisa zilizotangulia ili namba ikikosewa ijulikane. Hesabu hiyo wakati mwingine hutoa kumi, na kwa kuwa nafasi ni ya tarakimu moja tu, huandikwa X kama kumi ya Kirumi. Aiandike hivyohivyo, herufi kubwa.

Mkutubi_wa_Zamu

Nimemsomea. Amesema basi kuna vingine viwili alivyoviweka pembeni kwa sababu hiyo, na amekwenda kuvichukua.