Ugoko unauma kila alfajiri, mbio zimebaki wiki 5

Habari zenu wanamichezo. Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kujiandaa kwa nusu marathoni huku mnafanya kazi kutwa nzima.

Nakimbia saa kumi na moja alfajiri, siku 4 kwa wiki, maana ndiyo nafasi pekee niliyonayo. Hizi kilomita 21.1 zitakuwa za kwanza kwangu, na mpaka sasa nimefika 14 bila kusimama.

Shida ni ugoko wa mguu wa kulia. Kilomita 2 za mwanzo unauma upande wa ndani, kuanzia katikati kushuka chini, halafu maumivu yanapoa. Jioni nikiubonyeza nasikia uchungu kwenye eneo refu kidogo, si nukta moja, ndiyo maana bado nina matumaini kwamba mfupa haujapata ufa. Nadhani nilikosea kupanda kutoka kilomita 25 hadi 38 kwa wiki ndani ya wiki 2 tu.

Nimejaribu kutembea haraka dakika 10 kabla ya kuanza, barafu, na mapumziko ya siku 3. Yalipungua, yakarudi mara tu niliporudi kwenye lami.

Je, nipunguze kilomita niendelee taratibu, au nisimame kabisa wiki 2 na kuendesha baiskeli ili pumzi isipotee? Na mliopitia hili, ni dalili gani iliyowapeleka kwa daktari? Mbio hizi nimezisubiri sana, ila sitaki kuumia miezi mingi.

Natanguliza shukrani.